Mamba Mmoja, Ziwa Zima: Bandari ya Bujumbura katika Habari za Mazingira

Kila mwaka tunapoanza somo la lugha ya vyombo vya habari, huwa tunawapa wanafunzi zoezi moja dogo kabla ya kuingia katika nadharia. Tunawaomba waandike jambo moja tu walilowahi kulisikia redioni au kulisoma gazetini kuhusu Ziwa Tanganyika upande wa Bujumbura. Majibu huwa hayatofautiani sana. Wengi huandika habari za mamba aitwaye Gustave. Wanaofuata huandika mafuriko ya Gatumba. Mara moja moja hutokea mwanafunzi, kwa kawaida mzaliwa wa Kigoma au Uvira, akaandika kwamba samaki wamepungua na bei imepanda. Naye huongeza kwamba hilo hakulisikia redioni bali nyumbani kwao.

Zoezi hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Tunataka kufuatilia, kwa njia ya historia, jinsi ziwa moja lilivyopata kuandikwa na kutangazwa, na jinsi maandishi na matangazo hayo yalivyoamua ni lipi watu waliite tatizo la mazingira na lipi walipite bila kuliona. Tumechagua kusimama bandarini Bujumbura kwa sababu hapo mambo mengi hukutana. Hapo hutia nanga meli na majahazi ya mizigo kutoka Kigoma na Mpulungu. Hapo ndipo maji ya ziwa yamekuwa yakipimwa tangu enzi za ukoloni. Na si mbali na hapo, katika mtaa wa Buyenzi, ndipo Kiswahili cha Burundi kilipota mizizi. Msomaji wetu wa isimujamii atakuwa anaufahamu mtaa huo vizuri kuliko anavyoifahamu bandari yenyewe.

Tuanze na mwaka 1871. Mwezi Novemba mwaka huo Henry Morton Stanley, aliyekuwa ametumwa na gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone mjini Ujiji. Kisa hicho kinajulikana na watoto wa shule. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baada ya hapo wawili hao walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini hadi kwenye mdomo wa Mto Rusizi, ncha ileile ya ziwa ambako bandari ya Bujumbura ipo leo. Huko Mugere, kusini kidogo mwa mji, lipo jiwe la ukumbusho wa safari yao. Walikwenda kutafuta jibu la swali moja: je, Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wasomaji wa magazeti ya Ulaya na Marekani walilitaka jibu hilo kwa sababu walikuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Kama Rusizi ungekuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo ingekuwa mama wa Nile. Waliukuta unaingia.

Wenyeji walikuwa wamekwisha kulisema hilo. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 waliambiwa na watu wa huko kwamba mto unaingia ziwani. Ilibidi ipite miaka 13, na aje mwandishi wa gazeti, ndipo neno la wenyeji ligeuke kuwa habari. Hatusemi haya kwa kumlaumu Stanley peke yake. Tunachotaka kionekane ni utaratibu uliozaliwa siku ile na ambao haujafa hadi leo: ziwa huwa habari pale linapojibu swali la mtu wa mbali.

Kwa mtu wa Ujiji wa miaka hiyo swali lilikuwa jingine kabisa. Maji yalikuwa yanapanda. Stanley mwenyewe, aliporudi mwaka 1876 na kulizunguka ziwa kwa mashua yake, alieleza kwamba michikichi aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama majini. Mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo karibu na Kalemie ya leo, ndiyo njia pekee ambayo ziwa hili hutolea maji yake, nao ulikuwa umezibwa na mafunjo na matope. Cameron alikuwa amepita hapo mwaka 1874 akasema ndiyo njia ya kutokea. Stanley akasema bado haijawa njia, ila itakuwa. Wakabishana vitabuni. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kikaachia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita 10. Fikirini maana yake kwa mvuvi: ufuo wake wote ulihama ndani ya muda usiofika nusu ya umri wake. Lakini jambo hilo limehifadhiwa katika maandishi kama sura ya ugomvi wa wapelelezi, si kama sura ya maisha ya watu wa pwani ya ziwa.

Mara ya pili maji yalipanda sana kuanzia mwaka 1961. Mvua za mwaka huo na zilizofuata zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima, na Ziwa Viktoria nalo lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Tanganyika ilifikia kilele mwaka 1964, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, ilhali kwa kawaida huwa karibu mita 774. Sasa mwulize mzee wa Buyenzi miaka hiyo ilikuwa miaka ya nini. Atakuambia ni miaka ya Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na ya uhuru uliopatikana tarehe 1 Julai 1962. Si ajabu. Taifa lilikuwa linazaliwa na damu ilikuwa imemwagika. Nani angeketi kuhesabu sentimita za maji? Wenye kipimo cha bandari walizihesabu, wakaziandika katika madaftari yao, na humo zikakaa. Katika kumbukumbu ya umma hazikuingia, na jambo hilo lilikuja kuleta hasara miaka 60 baadaye, kama tutakavyoona.

Tufike sasa kwenye miaka ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye funzo kubwa zaidi, yaani 2003 hadi 2007.

Mwezi Juni 2003 nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia kwa pamoja. Haukupita muda mrefu, majarida mawili makubwa ya sayansi duniani, Science na Nature, yakachapisha tafiti kuhusu ziwa hilihili. Hoja yao inaeleweka hata na asiye mwanasayansi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina. Rutuba inayolisha vijimea vya majini imelala chini kwenye maji baridi. Kila kiangazi upepo wa kusi hukoroga maji, rutuba ikapanda juu, vijimea vikastawi, dagaa wakala, na samaki wakubwa wakala dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika na ya chini, na chungu hakikorogeki tena. Watafiti wa Nature walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa karibu asilimia 30. Na hawa ni samaki wanaowapa watu wa nchi za ziwa kati ya asilimia 25 na 40 ya protini yao ya nyama. Wapo wanasayansi waliopinga wakasema lawama kubwa ni ya uvuvi uliozidi, wala si joto. Mjadala huo ulikuwa wa haki na ulistahili kusikika sokoni, kwa maana muuza samaki ana la kuchangia ndani yake.

Lakini mwaka 2004 ndipo ilipotoka filamu ya televisheni juu ya Gustave. Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi wa miaka mingi, ndiye aliyempa mamba huyo jina, na ndiye aliyejaribu kumnasa kwa tundu kubwa la chuma bila mafanikio. Mwaka 2005 jarida moja la kundi la National Geographic lilimwandikia makala ndefu. Mwaka 2007 Hollywood ikatoa filamu ya sinema, Primeval, iliyopigwa Afrika Kusini, ambayo matangazo yake yalimnadi kama muuaji wa kutisha bila hata kutaja kwamba muuaji mwenyewe ni mamba. Ilisemwa ana urefu wa zaidi ya mita 6, ingawa hakuna aliyewahi kumwekea kamba ya kumpimia. Ilisemwa ameua watu 300, idadi ambayo haijawahi kuthibitishwa. Mwaka 2019 ikasemwa amekufa, na mzoga haukuonyeshwa.

Tusieleweke vibaya. Watu waliliwa kweli na mamba katika delta ya Rusizi na kwenye fukwe za Bujumbura, na mama aliyempoteza mwanawe mtoni hahitaji kufundishwa na sisi lipi ni tatizo na lipi si tatizo. Tunachouliza ni kwa nini habari ile ilisafiri na nyingine hazikusafiri. Jibu, tukilitazama kwa jicho la mwalimu wa fasihi, liko katika umbo. Mamba yule alikuwa na jina. Alikuwa na kovu, alikuwa na adui anayemfuatia, na alikuwa na mwanzo, kati na mwisho unaosubiriwa. Kwa ufupi alikuwa mhusika. Joto la maji halina jina wala kovu. Udongo unaoporomoka kutoka vilima vilivyokatwa miti, ukashuka na Ntahangwa, Muha na Kanyosha mpaka ziwani, hauwezi kupigwa picha ukifungua kinywa. Na hata swali jepesi lililokuwa ndani ya habari ya mamba mwenyewe, kwamba kwa nini watu wengi kiasi kile wanalazimika kuoga na kuvua ndani ya makazi ya mamba, katika nchi iliyokuwa vitani tangu 1993, halikupata nafasi yake. Mamba aliondolewa katika mazingira yake, akawekwa peke yake mbele ya kamera.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni filamu za wageni, na sisi tulikuwa na redio zetu. Ni kweli, na miaka hiyo redio za Bujumbura zilikuwa katika ubora wake. Studio Ijambo ilianza mwaka 1995, RPA mwaka 2001, Isanganiro mwaka 2002, na redio ya taifa nayo ilikuwa na taarifa kwa Kiswahili. Ila vituo hivyo vilizaliwa katika vita na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu wasikilizane bila kuuana. Halafu Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilivamiwa na kuharibiwa. Isanganiro iliruhusiwa kurudi mwaka 2016, Bonesha ikangoja hadi 2021. Huwa tunasahau kwamba kituo cha redio kikichomwa hazichomwi habari za siasa peke yake. Aliyekuwa akienda ufukweni na kinasa sauti kuwauliza wavuvi naye hukosa pa kurushia.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ndipo suala letu la lugha linapoingia kwa nguvu.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa iliporomosha maji na matope kutoka milimani juu ya mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Zaidi ya watu 60 walikufa. Magazeti ya Kiswahili yaliandika "mafuriko", na neno lilifaa: maji yalikuja kwa ghafla, yakaua, yakaondoka. Aprili 2020 Mto Rusizi ulivunja kingo zake, Gatumba ikafunikwa, na maelfu ya watu wakahama. Yakaandikwa "mafuriko" tena, na bado neno lilifaa. Lakini kipindi hichohicho ziwa lenyewe lilikuwa linapanda, mwaka baada ya mwaka, na hilo nalo likaitwa mafuriko. Hadi Aprili 2024 maji yalikuwa yamevuka tena mita 777, kama mwaka 1964. Yaliingia ndani ya bandari ya Bujumbura yakavuruga shughuli zake, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada kwa ajili ya nchi ambayo karibu watu 100,000 walikuwa wameyahama makazi yao kwa sababu ya mvua na maji.

Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia "mafuriko" anaelewa nini? Anaelewa jambo linalopita. Mafuriko huja na huisha. Tunasema "maji yakishakauka turudi". Ziwa likipanda halikauki baada ya wiki mbili. Lina mlango mmoja mwembamba wa kutokea, Lukuga, na likijaa huweza kukaa juu kwa miaka. Aliyeambiwa nyumba yake imekumbwa na mafuriko anatafuta pa kulala kwa muda na kuweka akiba ya matofali ya kujengea palepale. Aliyeambiwa kwamba ziwa limepanda, kama lilivyopanda mwaka 1964 na kabla yake mwaka 1878, anaweza kufikiri tofauti kuhusu kiwanja chake. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 zibaki wazi kutoka ukingo wa ziwa. Bila kumbukumbu ya 1964 mita hizo zinaonekana kama ukorofi wa serikali. Ukiwa nayo unaona zimetoka wapi.

Kuna neno jingine linalotukera zaidi. Katika taarifa nyingi za Kiswahili za miaka hiyo, kutoka Kigoma hadi redio za kimataifa, tulisikia kwamba "kina cha maji kimeongezeka". Kisarufi hakuna kosa. Lakini kina ni kipimo cha kwenda chini, na katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, ongezeko la mita 3 ni kitu gani? Ni kama tone katika mtungi. Mtu wa ufukweni hajali kina. Anajali usawa wa maji, yaani yamefika wapi juu ya ngazi ya nyumba yake. "Maji yamepanda mita 3" ni sentensi ya maafa. "Kina kimeongezeka mita 3" ni sentensi ya mwalimu wa jiografia. Namba ni ileile. Wenzetu wa tafsiri watatuambia kwamba chimbuko la tatizo ni taarifa za mashirika zinazofasiriwa usiku kwa haraka, na tunakubaliana nao, maana wengine wetu tumewahi kufanya kazi hiyo na tunajua saa tisa ya usiku inavyofanana na saa ya kukata tamaa.

Samaki nao wana kisa chao cha maneno. Samaki ambaye Burundi humwita mukeke, Kigoma huitwa mgebuka. Kirundi husema indagara pale Waswahili tunaposema dagaa. Tanzania ilipoufunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, habari za Kigoma zilijaa migebuka. Msikilizaji wa Buyenzi, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kila siku, angeweza kuisikiliza taarifa nzima bila kutambua kwamba anaambiwa habari za mukeke wake mwenyewe, samaki yuleyule, katika maji yaleyale, anayevuka mpaka bila pasi. Mtangazaji akisema "migebuka, au mukeke kama wanavyoitwa Bujumbura", ni maneno matano tu yameongezeka. Hatujui wahariri wangapi wangeyaacha yapite.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa mwaka 2008 kutokana na ule mkataba wa 2003, ina makao yake Bujumbura. Nchi wanachama zina lugha rasmi za Kifaransa, Kiingereza, Kirundi na Kiswahili, lakini lugha inayosikika kwenye mitumbwi ya pande zote tatu za kaskazini, Bujumbura, Uvira na Kigoma, ni moja. Mwaka huu tumewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi ya kukusanya maneno ambayo wavuvi na wachuuzi wenyewe huyatumia kuhusu maji kupanda, kushuka, kuchafuka na kukosa samaki. Mmoja wao ameleta daftari kutoka sokoni lenye maneno manne ya namna maji yanavyopanda, moja kwa ajili ya mawimbi, moja kwa ajili ya mto kufurika, moja kwa ajili ya masika, na la nne kwa ajili ya ziwa linalokuja na kukaa. Mzee aliyempa hilo la nne alimwambia kwamba alilisikia kwa baba yake, aliyekuwa kuli bandarini mwaka 1964. Bado tunabishana jinsi ya kuliendeleza.